Kiwambo cha Sikio la Mama Nabintu

Nimerudisha beji yangu. Binti wa mapokezi aliuliza kama ningependa kupiga nayo picha ya mwisho, nikamwambia acha, mwanangu, sura iliyomo humo ni ya mtu anayetafuta choo. Nikaenda kukaa garini, nikavua viatu, nikashusha pumzi ambayo nadhani niliivuta tangu Buffalo. Jamani, kunyamaza kutamu! Sasa mtu akisema neno mbele yangu halinihusu. Analisema, linapita, linakwenda zake.

Nyinyi wakalimani mnaobaki hospitalini mmeniomba niwaandikie machache ya kazi. Vyeo siviandiki, maana vilikuwa vichache, na mishahara mnaijua, tusiharibiane siku. Nitaandika habari za neno moja, kwa kuwa ndilo lililonikwamisha siku ya kwanza, na ndilo lililoniaga. Neno lenyewe ni kiwambo cha sikio.

Mimi ni mtu wa Uvira, niliyekaa miaka mingi Kigoma kabla ya kuletwa ng'ambo huku, mji wa Buffalo. Kigoma ndiko nilikonyooshewa Kiswahili, ndiyo maana Wakongo wenzangu huniambia naongea kama redio. Buffalo nilikuta theluji imefika kwenye vioo vya magari, na nikaambiwa kuna kazi ya ukalimani. Nilisoma maneno ya mwili kama anayesomea kipaimara. Moyo, ini, figo, wengu, nyongo, yote nikayamudu. Siku ya kwanza wakanipeleka kwa mtu anayeumwa sikio.

Daktari akaangalia ndani ya sikio la yule baba, akageuka, akataja kitu fulani kwa Kiingereza. Nikasimama. Nilijua sikio, nilijua nta ya sikio, na hapo elimu yangu ikaishia. Kando yangu alisimama Mama Konsolata, Mrundi aliyekuwa muuguzi Kigoma, mkalimani wa siku nyingi, aliyetumwa kunitazama. Akaninong'oneza: "Sema hujui."

"Hapa, mbele yao?"

"Unataka ukaseme wapi, kanisani?"

Nikasema: mkalimani anaomba daktari aeleze neno hilo. Daktari akaeleza kwa furaha kabisa, kumbe watu hawa hupenda kuulizwa. Ni ngozi nyembamba iliyovutwa mwisho wa tundu la sikio, sauti inaigonga, inatetemeka. Nikamweleza yule baba hivyo hivyo, naye akasema, "Ah, ngoma ya sikio," kama mtu anayeshangaa nilikuwa wapi siku zote.

Tulipotoka Mama Konsolata alinipeleka kwenye mgahawa wa hospitali, akachukua karatasi ya kufutia mikono, akaivuta juu ya kikombe mpaka ikakaza, akaigonga kwa ukucha. "Kuwamba unakujua?"

"Kuwamba ngoma? Nakujua. Baba yangu alilowesha ngozi ya mbuzi, akaivuta huku na huku mpaka inalia."

"Basi kilichowambwa ni kiwambo. Hakuna uchawi." Kisha akanipa somo ambalo ningependa mlichukue hata mkitupa mengine yote: neno la kitabu usimrushie mgonjwa kama jiwe. Aliyesoma Kifaransa atakuambia tempa. Mama wa Fizi atakuambia ngoma ya sikio. Mtanzania huenda akakuambia kiwambo, na huenda vilevile akakukodolea macho. Wewe beba yote matatu mfukoni, utoe lile ambalo mwenyewe analo nyumbani kwake.

Alikuwa mkali, Mungu amweke. Manukato alikataza. Alitaka nisimame nusu hatua nyuma ya bega la mgonjwa, ili mgonjwa na daktari watazamane wao, wasinitazame mimi. Lingine alilolipenda kuliko yote: "Usiwe ndugu yao. Ndugu wanao, tena wengi mno. Kinachosemwa chumbani kinafasiriwa chote, cha daktari, cha mgonjwa, na cha huyo aliyekuja kumsindikiza. Hakuna cha kumezea." Nilidhani hiyo ndiyo kanuni rahisi kuliko zote. Subirini.

Baadaye mume wangu alipata kazi Columbus, tukahama na masufuria yetu. Huko nikapangwa kliniki ya masikio moja kwa moja, kwa daktari mzee ambaye babu yake alitoka Ugiriki. Mezani kwake palikuwa na sikio la plastiki, kubwa kama kabichi, linalofunguka kama kasha. Ndani unaona kiwambo, na nyuma yake vile vifupa vitatu vidogo: nyundo, fuawe na kikuku. Watoto walivipenda, na baba zao pia, ila wao walijifanya wanavitazama kwa ajili ya watoto. Kifaa hicho kiombeni popote mtakapokuwa. Kimeniokolea maneno mengi.

Siku moja mgonjwa, kijana wa Goma aliyekuwa akipiga ngoma kwenye kwaya, aliuliza ni nani aliyekiita kitu hiki ngoma, Wakongo au Wazungu? Nikafasiri swali. Yule mzee akaweka kalamu chini, na mimi nikajua chakula cha mchana kimeshapotea. Akasema Wagiriki wa zamani walikuwa na ngoma ya kushika mkononi, wakaiita tumpanon, na jina hilo lilizaliwa na neno lao la kupiga. Walatini wakalichukua. Baadaye wale waliokuwa wakipasua maiti Ulaya ili kuujua mwili walipofika ndani ya sikio, wakakuta ngozi imevutwa juu ya chumba kitupu, wakasema hii nayo ni ngoma. Wafaransa ndio wakalifupisha likawa tempa, na Wabelgiji wakaja nalo kwetu.

Kijana akacheka. "Donc, batu bote baliona kitu moja."

Si moja kabisa, nilifikiri nikiwa ndani ya basi. Mgiriki aliangalia mkono unaopiga. Mswahili aliyesema kiwambo alimwangalia fundi anayevuta ngozi. Ukinipa nichague nachagua fundi, maana ngozi ikilegea hata upige kwa rungu haisemi kitu. Lakini mkalimani hapewi kuchagua, kwa hiyo nilikaa nalo moyoni mpaka tulipohamia Louisville.

Sasa nifike Louisville, kwa Mama Nabintu.

Alikuwa mama aliyepita makamo, mwenyeji wa upande wa Walungu kule Kivu, anakaa mtaa wa Newburg na binti yake Faida, mume wa Faida anayeitwa Paskali, na mtoto wao wa kike wa miezi michache. Paskali alipakia mizigo kwenye ghala moja Okolona. Faida alihudumia wazee kwenye nyumba moja ya kulelea, Highview. Mtoto alibaki na bibi yake, na mpango ulikuwa mzuri, ila bibi alikuwa hasikii. Siku moja Paskali alirudi kazini akamkuta mtoto chumbani amelia mpaka sauti imekauka, na Mama Nabintu jikoni anachambua maharage, ameupa mgongo mlango, anaimba kwa raha zake.

Alishapimwa mara moja kabla yangu. Mkalimani alikuwa kwenye simu, sijui mji gani, na majibu yakatoka kwamba hasikii chochote, si kwa kiwambo wala kwa mshipa unaopeleka sauti ubongoni. Daktari wa masikio, mama mmoja mpole mwenye mikono ya baridi, aliona viwambo vyote viwili vimetoboka, jambo linalozibika. Ila majibu yale yalimsumbua. Alieleza hivi: kuna mlio unaopita kwenye tundu la sikio, huo unahitaji kiwambo. Kuna kidude kingine kinachobandikwa kwenye mfupa nyuma ya sikio, mlio wake unakwenda ndani moja kwa moja bila kupitia kiwambo. Mgonjwa akiusikia huo wa mfupa, mshipa ni mzima, na kuziba kiwambo kutamfaa. Asipousikia, kumpasua ni kumuumiza bure. Akataka apimwe tena.

Siku hiyo gari lilikuwa moja na Faida yuko kazini, kwa hiyo aliyemleta ni Paskali. Hapo wenzangu wa Kivu mmeshashika vichwa. Mkwe na mama mkwe, chumba kimoja, viti viwili! Mama Nabintu alikuwa amejifunika kitenge toka utosini hadi kifuani, amebaki kama mzigo uliosahaulika kituoni. Paskali, kijana mkubwa mwenye mabega ya kubeba friji, alikaa amekaza macho kwenye viatu vyake. Nyumbani kwao hawakusemezana moja kwa moja hata siku moja, wala hawakula meza moja. Akitaka kumwambia mama mkwe jambo, Faida akiwa hayupo, anamwambia mtoto: "Mutoto, ambia nyanya chakula iko kwa friji." Ndiyo desturi, kila mtu analelewa hivyo. Tatizo ni kwamba mama mkwe asiyesikia hasikii na hayo, na Paskali alikuwa ameshaamini kwamba mama huyu amemkataa.

Daktari akauliza, mshipa ukionekana mzima, wangependa kiwambo cha sikio gani kizibwe kwanza. Paskali akamjibu kwa Kiingereza, polepole, ili mama asielewe. Alisema wao wanataka tu kujua kama atasikia au la, kwa sababu wasipokuwa na mtu wa kukaa na mtoto Faida ataacha kazi, na wamefikiria kumpeleka mama kwa kaka yake Faida, Buffalo.

Kisha akanitazama mimi. Macho yalisema yote: Mama Bahati, hiyo uiache.

Wanangu, hiyo ndiyo kanuni niliyodhani ni rahisi.  Lakini lilikuwa limesemwa chumbani, mbele yake, na lilimhusu yeye kuliko mtu yeyote. Nikainama kwenye sikio lake bora, nikamwambia kwa sauti yote niliyonayo kwamba mkwe wake anasema wamefikiria kumpeleka Buffalo. Kitenge hakikusogea. Halafu mkono ulitoka chini yake, ukakivuta kikashuka zaidi, mpaka magotini.

"Buffalo ile batoto habanihitaji," alisema hatimaye, akiniambia mimi, kwa sauti ndogo sana. "Ni bakubwa bote. Ntakuwa tu kiti." Nikafasiri na hiyo pia. Paskali alifumba macho.

Wakamwingiza kwenye kile kibanda cha kupimia, chenye kuta nene na dirisha la kioo. Nikamweleza: ukisikia mlio, hata mdogo kama wa mbu, inua mkono. Fundi wa vipimo akamwomba atoe kitenge. Akakataa kwa kichwa. Dirisha lilimwelekea Paskali, kiti pekee kilichobaki kilikuwa hapo. Mama akavipokea vidude vya masikioni, akavivaa mwenyewe chini ya nguo. Fundi alikuwa na haraka, akaacha. Mlango ukafungwa, nikasimama nje karibu na mashine.

Fundi akabonyeza. Hakuna mkono. Akaongeza sauti, akabonyeza. Hakuna. Akaingia kumpa kile cha mfupa, mama akakibandika mwenyewe chini ya nguo, fundi akatoka, akabonyeza, nacho hakuna. Akaanza kuandika huku mkono wa pili ukibonyeza bado, na mimi nikawa najiandaa moyoni kumwambia mama wa watu kwamba safari ya Buffalo imewadia.

Hapo nikaona kitenge kinachezacheza juu ya goti. Nikadhani anajikuna. Kikatulia. Taa ndogo ya mashine, ile inayowaka kila mlio unapotoka, ikawaka, kikacheza. Ikazimika, kikatulia. Lo! Nikasogeza pua mpaka kwenye kioo. Mama Nabintu alikuwa akiinua kidole. Tangu mwanzo alikuwa akijibu, kidole kimoja, chini ya nguo, kwa adabu zote, maana mwanamke wa kwao hainui mkono juu na kuupunga mbele ya mume wa binti yake.

"Mkalimani anaomba kusema jambo," nikasema, na sauti ilinitoka kubwa kuliko nilivyotaka. Fundi akaacha kuandika, daktari akaitwa. Nikaeleza kwamba kwetu hawa wawili hawakai pamoja, kwamba kile kitenge ni heshima na si baridi wala kuchanganyikiwa, na kwamba pale gotini kuna majibu.

"Kwa nini hawakutuambia?" aliuliza daktari.

"Ukiwauliza wao, daktari, watasema hakuna shida. Yeye kumtoa mkwe ni kumfukuza. Na mkwe kutoka ni kumkimbia."

Daktari akamgeukia Paskali, akamwomba kwa upole asubiri nje. Mimi sikuwa nimefungua mdomo kufasiri, Paskali yuko korido. Nilimkuta huko ameegemea ukuta, anapangusa jasho.

"Mama Bahati, Mungu akubariki. Nilikuwa nakufa mule."

"Sasa ulikuwa unangoja nini, wewe?"

"Ntatokaje? Atasema ninamukimbia. Bon, nikakaa."

Tukarudi kwa mama. Nilimwambia mkwe ametoka, kitenge kikaruka begani, nikaona uso wake kwa mara ya kwanza, uso mpana wenye chale ndogo ya urembo karibu na jicho. "Ametoka kabisa? Mulango umefungwa? Eh, asante Yesu, nilikuwa napikwa." Fundi akaanza upya. Mlio wa tunduni aliusikia ukiwa mkubwa tu, lakini ule wa mfupani aliusikia hata ukiwa wa mbu. Mkono ulipaa juu kama wa mwanafunzi anayejua jibu, mara nyingine fundi hajamaliza kubonyeza. Fundi alikuwa anacheka, daktari anacheka, na mimi, niliyeambiwa nisiwe ndugu yao, nilitazama dari ili macho yakauke.

Mshipa mzima. Viwambo ndivyo vibovu, usaha wa utotoni na mafuta ya moto aliyotiwa masikioni kama dawa miaka yote ile. Nikamweleza kwamba watachukua utando mdogo nyuma ya sikio lake mwenyewe, wauwambe pale penye tundu.

"Hawachukui ya mbuzi?"

"Hapana, mama. Yako."

"Hata hapa mwamba ngoma ngozi huivutia kwake," nikaongeza, ila hilo nililisema kimoyomoyo, kwa sababu hakuna aliyelisema chumbani.

Walimpasua. Kisha zikapita wiki za kungoja, pamba sikioni, marufuku maji, marufuku kupenga kamasi kwa nguvu. Wiki hizo sikulala vizuri. Kiwambo kipya huweza kukataa kushika, daktari alishasema, na Faida alikuwa ameshapewa na mwajiri wake siku ya mwisho ya kuamua kama anaacha kazi au anabaki. Kila nilipopita Newburg nilitazama madirisha ya yale majengo kama mwizi.

Miadi ya kutoa pamba ilinikuta wiki yangu ya mwisho kazini. Safari hii Paskali hakuingia hata mlangoni. Alibaki korido, mgongo ukutani, kando ya mlango ulioachwa wazi kidogo. Daktari akatoa pamba, akachungulia kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda, akasema kimeshika. Akapita nyuma ya Mama Nabintu, mahali ambapo hangeweza kumwona midomo, akanong'ona jina lake. Mama aligeuka haraka, akamwambia, "Abe?" Daktari hakuhitaji nimfasirie hiyo.

Nilitoka korido kumwambia Paskali. Hakutazama ndani. "Anasikia?" aliuliza. Kabla sijajibu, sauti ikatoka ndani, ikielekezwa kwangu, kama desturi inavyotaka.

"Mama Bahati, ambia mukwe ninasikia. Ambia, mutoto akilia asubui, yeye alale tu, ana kazi nzito. Ntaamuka mimi."

Nikamgeukia Paskali, aliyekuwa amesimama hatua mbili kutoka kwangu na amesikia kila neno, nikamwambia kwa Kiswahili, neno kwa neno, yale yale. Yeye akaitikia kwa kichwa kana kwamba ndiyo kwanza anapata habari. Miaka yote ya kazi hii sijawahi kufasiri Kiswahili kwa Kiswahili, wala sijawahi kufasiri kwa uangalifu kama siku ile.

 Akasema polepole, akiangalia viatu vyake, "Ambia mama, Buffalo haendi. Faida ameshaambia kazini anaendelea. Ambia, kama hapendi kukaa na sisi, aseme. Ila sisi, donc, mimi, mimi ninamuhitaji."

Nikarudi chumbani kumfasiria, nusu hatua nyuma ya bega, kama nilivyofundishwa. Kabla sijafungua mdomo nikamkuta Mama Nabintu ameshafunika uso kwa kitenge, analia.